Helmeti ya pikipiki, ya jeshi, au hedseti iliyohamishwa: ipi itaongea na intakomu ya ndege yako?

Kila kiangazi kikianza, upepo wa asubuhi unapotulia na watu wa traiki (vindege vyepesi vyenye bawa la kitambaa) na ndege nyingine za wazi wanapozitoa bandani, naletewa helmeti. Nyingi ni za pikipiki. Mwenyewe ananionyesha spika mbili zilizobandikwa ndani na kimaiki chenye sifongo mbele ya mdomo, halafu ananiambia: "Fundi, nibadilishie plagi tu, niichomeke kwenye ndege." Plagi nitambadilishia kwa nusu saa. Lakini akienda kuichomeka hatasikika, atasikia kwa shida, na akipandisha sauti ili asikie vizuri atarudi nyumbani na mlio masikioni.

Ninajua mlio huo kwa sababu niliupata mwenyewe. Niliruka dakika arobaini na helmeti ya pikipiki niliyoitengeneza kwa mikono yangu, umeme wake ukiwa umekaa sawasawa kabisa, na mpaka saa mbili usiku nilikuwa bado nawaomba wenzangu warudie walichosema. Tangu siku hiyo nalinganisha helmeti kwa mpangilio mwingine: naanza na sikio, ndipo nije kwenye waya. Hata hivyo waya ndio unaowashangaza watu, basi tuuelewe kwanza.

Ndege inataka nini

Ndege ndogo za kiraia, iwe Cessna, Piper au traiki, kwa kawaida zina matundu mawili kwa kila kiti. Plagi nene ya milimita 6.35, yaani PJ-055, ni ya masikio. Plagi nyembamba ya milimita 5.23, PJ-068, ni ya maiki, nayo ina njia tatu: ncha ni ya kitufe cha kurushia, pete ya katikati inabeba sauti, na shina ni hasi. Mpangilio huo ushike vizuri. Ukiunganisha maiki kwenye ncha kwa makosa, mkondo wake unaweza kuifanya redio irushe muda wote, ukaziba masafa ya wenzako wote bila wewe kujua.

Maiki za zamani za ndege zilikuwa za kaboni: chembe zinazobanwa na sauti, zinazohitaji kupitishiwa umeme ndipo zifanye kazi. Kaboni ilikwisha, umeme wake ukabaki. Mpaka leo redio na intakomu (kifaa kinachowawezesha waliomo ndegeni kuongea wao kwa wao) hutoa volti 8 hadi 16 za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, kupitia rezista, kwenye waya ule ule unaorudisha sauti. Maiki ya kisasa ya hedseti ya ndege ina amplifaya ndogo ndani yake inayotumia umeme huo na kujifanya kaboni. Upande wa masikio, intakomu inategemea kukuta mzigo wa omu 150 hadi 600 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme).

| | Ndege ya kiraia | Helmeti ya pikipiki | Helmeti ya jeshi la Marekani |
|---|---|---|---|
| Maiki | yenye amplifaya ndani | elektreti tupu (kapsuli ndogo bila amplifaya ya ndege) | dainamiki (ya koili na sumaku) ya omu 5 |
| Umeme wa maiki | volti 8–16 | volti chache tu | haihitaji |
| Nguvu ya sauti ya maiki | mamia ya milivolti | milivolti chache hadi makumi | milivolti moja au pungufu |
| Spika | omu 150–600 | omu 32, 16 au 8 | chini ya omu 20 |
| Plagi | PJ-055 na PJ-068 | milimita 3.5 au ya kampuni | U-174/U |

Hakuna safu mbili hapo zinazopatana. Ndiyo maana kubadilisha plagi peke yake hakutoshi.

Sikio kabla ya umeme

Ndani ya ndege ndogo ya injini moja kelele mara nyingi huwa kati ya desibeli 90 na 100, na kwenye traiki ya wazi unaongezea upepo. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, desibeli 85 sikio linaweza kuzivumilia saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15.

Sasa iangalie helmeti ya pikipiki. Spika yake ni kisahani chembamba kilichowekwa kwenye povu, hakina kikombe wala mto unaozunguka sikio na kuziba. Kelele ya injini inaingia kama ilivyo, na njia pekee ya kusikia maneno ni kupandisha spika iipite kelele hiyo. Unaongeza kelele juu ya kelele. Hedseti ya ndege inafanya kinyume: kikombe kigumu na mto wake vinapunguza kelele kwanza, ndipo spika iongee kwa sauti ya kawaida. David Clark H10-13.4, hedseti ya kijani ambayo utaikuta karibu kila banda la uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, imepimwa kupunguza desibeli 23 bila betri wala umeme wowote. Hakuna amplifaya nitakayokutengenezea mimi itakayokupa hizo desibeli 23.

Basi swali la kwanza unapochagua ni hili: helmeti hii ina nafasi ya vikombe vya masikio? Kama haina, yote yanayofuata kuhusu transista na transfoma yatakupa maiki nzuri na masikio yanayoumia. Wapo wanaovaa vizibo vya povu ndani ya masikio kisha helmeti ya pikipiki juu, na kwa safari fupi inasaidia kweli. Kwa rubani anayeruka kila wiki, sioni kama ni jibu.

Helmeti ya pikipiki na amplifaya ya kutengeneza

Hata hivyo wapo wenye sababu nzuri ya kubaki nayo. Kuna mwenye injini tulivu, kuna anayeruka mara chache, na kuna ambaye helmeti yake ya nusu uso ina uwazi wa kutosha pembeni mwa masikio. Kwa hao kazi inawezekana, na vipuri vyake ni vya bei ya chakula cha mchana. Nairobi utavipata Luthuli Avenue, Dar es Salaam utavipata Kariakoo.

Tuanze na maiki. Kapsuli ya elektreti inahitaji umeme kidogo mno, na nyingi zimeandikiwa mwisho wa volti 10. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye tundu la ndege unaweza kuiua, na ikipona itanong'ona tu. Dawa yake ni hatua moja ya transista ya kawaida, BC547 au 2N3904. Kolekta, mmoja wa miguu mitatu ya transista (mingine ni besi na emita), inaunganishwa kwenye waya wa maiki wa ndege, na rezista iliyomo ndani ya redio ndiyo inayokuwa mzigo wake. Chukua mfano wa volti 12, rezista ya omu 470 ndani ya redio, na omu 47 kwenye emita: sauti inakuzwa karibu mara kumi, na transista ikipitisha miliampia 10 inabakiwa na karibu volti 7 za kufanyia kazi. Hakuna betri. Amplifaya inaishi kwa umeme wa ndege yenyewe, kama zilivyoishi maiki za kaboni.

Mambo mawili huwaangusha wanaojaribu. La kwanza ni kulisha kapsuli kwa rezista moja tu kutoka kwenye kolekta. Sauti iliyokuzwa hurudi kwenye kapsuli kwa njia hiyo na kujipunguza yenyewe, ukabaki unashangaa amplifaya imekwenda wapi. Gawa rezista hiyo mara mbili na uweke kapasita ya mikrofaradi kadhaa katikati kwenda hasi. La pili ni redio kuisikia amplifaya yako. Unapobonyeza kitufe, antena iliyo mita moja au mbili kutoka kichwani inarusha mawimbi ya megahezi 118 hadi 137. Transista isiyo na kinga huyanasa, na wanaokusikiliza wanapata mlio wa ajabu badala ya maneno. Weka kapasita ndogo ya pikofaradi 100 hadi nanofaradi 1 karibu kabisa na besi, tumia waya wenye wavu wa kinga, na wavu huo uufunge hasi upande mmoja tu.

Kuna jambo la tatu, nalo si la umeme. Maiki nyingi za pikipiki zinapokea sauti kutoka pande zote kwa sababu zimezoea kukaa ndani ya kidevu cha helmeti, palipojificha upepo. Maiki ya ndege ina matundu mbele na nyuma: kelele ikiingia pande zote mbili kwa pamoja inajifuta, na mdomo ulio karibu na tundu moja ndio unaobaki. Ukiweza, nunua kapsuli ya aina hiyo. Iweke milimita chache tu kutoka kwenye midomo, na usilizibe tundu la nyuma kwa gundi au utepe. Nimeshapokea maiki "mbovu" ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa kipande cha utepe mweusi mgongoni.

Kwa spika, hesabu ndiyo inayoamua. Spika mbili za omu 32 zilizounganishwa sambamba zinakuwa omu 16, mzigo mzito kwa intakomu. Ziunganishe kwa mfuatano upate omu 64, ongeza rezista ya omu 100, intakomu itaona omu 164 na kuridhika. Zaidi ya theluthi ya nguvu bado inafika masikioni, na kwa kawaida hiyo inatosha. Kwa spika za omu 8 njia hiyo haifai. Ukiweka spika moja ya omu 8 nyuma ya rezista ya omu 150, asilimia 5 tu ya nguvu ndiyo inayofika kwenye spika, nyingine inaishia kuwa joto. Hapo tumia transfoma ndogo ya sauti ya omu 1000 kwa 8. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 zilizo sambamba, yaani omu 4, kwenye upande wake wa omu 8, intakomu inaona omu 500. Ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, na kinafanya kazi ambayo rezista haiwezi.

Njia ya Bluetooth

Hapa sitakaa sana. Kifaa kinachochomekwa kwenye matundu ya ndege na kuzungumza na intakomu ya pikipiki bila waya kinavutia, kwa kuwa huhitaji kulehemu chochote. Lakini sauti ya Bluetooth inachelewa. Rubani anatakiwa kujisikia mwenyewe anapoongea redioni, na sauti yake ikimrudia ikiwa imechelewa, ulimi unaanza kukwama. Jaribu kuongea na mtu anayekuigiza kila neno nyuma yako utanielewa. Halafu kuna betri mbili za kukumbuka kuchaji, na bado masikio hayana vikombe. Kwa abiria anayetaka kusikiliza tu, sawa. Kwa anayezungumza na mnara wa uongozaji, sishauri.

Helmeti ya jeshi

Watu wanazileta kutoka kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, hasa SPH-4 ambayo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuwapa marubani wake wa helikopta mwaka 1970, na nyingine za ukoo wa HGU, nazo ni helmeti za marubani wa kijeshi. Kwa sikio ni tofauti kubwa: vikombe vimo ndani, vimeshikwa vizuri, vimeundwa kwa ajili ya kelele ya helikopta. Ningekuwa na helmeti ya pikipiki mkono mmoja na SPH-4 yenye bitana nzima mkono mwingine, nisingefikiri mara mbili.

Shida yake ni umeme uliofichwa nyuma ya plagi inayodanganya. U-174/U ni plagi moja nene yenye njia nne, mbili za masikio na mbili za maiki. Jeshi huitumia na maiki za dainamiki za omu 5 na spika za omu chache. Helikopta za kiraia huitumia plagi hiyo hiyo na maiki zenye amplifaya na spika za omu mamia. Inaingia kote, inakaa vizuri, na haikuambii chochote. Kwa hiyo usiamini plagi, chukua mita. Ukipima kati ya waya mbili za maiki ukaona omu 5 hivi, ni ya jeshi. Spika zikisoma chini ya omu 20, ni za jeshi pia.

Ukiichomeka kwenye ndege ya kiraia kwa adapta ya plagi tu, volti 12 kupitia omu 470 zitasukuma karibu miliampia 25 ndani ya koili ya omu 5. Pengine haitaungua, ila utando wa maiki utavutwa upande mmoja, na sauti iliyokuwa ndogo tangu mwanzo itafifia zaidi. Hapo una njia mbili za kuchagua.

Ya kwanza ni kuacha helmeti ilivyo na kuweka kisanduku cha kati: amplifaya inayokuza maiki mara mia au zaidi, yenye kapasita ya kuzuia DC isifike kwenye koili, pamoja na transfoma ya spika. Hii inamfaa anayeruka leo na ndege yenye intakomu ya kijeshi na kesho na ya kiraia. Lakini ukuzaji wa mara mia unakuza pia mlio wa alteneta na kila kosa la waya hasi, na kisanduku ni kitu kingine cha kuning'inia, kukanyagwa na kusahaulika nyumbani.

Ya pili, ambayo ndiyo naipendekeza kwa mwenye ndege moja, ni kubadilisha viungo vyenyewe. Zipo maiki za kiraia zenye amplifaya zilizoundwa kwa umbo la M-87, maiki ya kijeshi inayokaa kwenye mkono wa maiki wa helmeti hizi, kwa hiyo unafungua skrubu, unatoa ya zamani na kuweka mpya. Spika za omu 300 zinakaa ndani ya vikombe, na mbili zikiwa sambamba zinakupa omu 150. Fungia waya wenye plagi mbili za kiraia, na helmeti inakuwa ya ndege yako moja kwa moja.

Kabla ya kulipa, bonyeza bitana ya ndani kwa kidole na uangalie ganda kwenye mwanga. Helmeti iliyowahi kugonga kitu kwa nguvu, au ambayo povu lake limekakamaa na kumomonyoka, hata iwe ya bei ya bure usiichukue.

Kuhamisha hedseti nzima

Hii ndiyo ninayowapa wengi. Chukua hedseti ya ndege iliyochakaa utepe wa kichwani lakini vikombe, maiki na waya bado vizima, na uihamishie ndani ya helmeti iliyokatwa kwa ajili ya vikombe. Kwa helmeti tafuta zenye alama ya EN 966, kiwango cha Ulaya cha helmeti za michezo ya angani. Nyingi kati ya zile zinazouzwa kwa watu wa traiki zimeachiwa nafasi pembeni kwa kusudi hili.

Uzuri wake ni kwamba umeme wote umeshapatana na ndege tangu kiwandani. Hulehemu chochote, hupimi omu. Kazi inayobaki ni ya mikono na subira. Utepe wa kichwani ndio uliokuwa unabana vikombe vikazibe, na ukiutoa lazima ubanaji huo utoke mahali pengine. Weka pedi za povu gumu au feliti kati ya kikombe na ganda, uongeze kidogo kidogo pande zote mbili mpaka mto uguse ngozi mduara wote. Vaa dakika ishirini ukiwa umekaa kitini kabla ya kuamua umemaliza, kwa sababu kinachokubana kidogo sasa kitakuwa maumivu baada ya saa moja angani. Miwani yenye mikono minene inafungua mlango wa kelele chini ya mto. Tafuta yenye mikono myembamba.

Waya unaovuka kutoka kikombe kimoja hadi kingine usiukate. Upitishe nyuma ya kisogo, nje ya bitana. Na tafadhali usichonge lile povu jeupe linalomeza pigo ili kupata nafasi ya kikombe, wala usitoboe ganda ili kufunga mkono wa maiki. Tumia kishikizo kinachobana ukingoni. Gundi zenye kemikali kali pia zinaweza kudhoofisha ganda la polikaboneti bila alama yoyote kuonekana. Sikio nalipenda, lakini helmeti inavaliwa kwa ajili ya fuvu.

Zipo pia helmeti zinazokuja na mawasiliano ya ndege tayari. Zinafanya kazi, na mwenye uwezo anunue, akihakikisha ameagiza yenye plagi za ndege yake. Hazina fumbo la kueleza.

Kabla ya kuruka nayo

Chochote unachojenga kiishie upande wa helmeti. Waya zilizo ndani ya ndege, matundu na intakomu ni kazi ya fundi mwenye leseni. Muulize pia kama intakomu ni ya stirio, maana plagi ya mono kwenye tundu la stirio inaweza kuugusisha upande mmoja wa sauti na hasi.

Maiki ijaribu mezani kwanza. Betri ya volti 12, rezista ya omu 470 kwenda kwenye pete ya plagi, hasi kwenye shina. Pima volti kati ya pete na shina: kwa amplifaya iliyokaa sawa utapata kati ya 4 na 8. Ikisoma 12 kamili, haipitishi mkondo. Ikiwa karibu na sifuri, kuna mahali pameguswa. Kisha nenda kwenye ndege, injini ikinguruma na breki zikiwa zimefungwa, mwenzako asimame mbali na propela akiwa na redio ya mkononi. Msomee namba kutoka moja hadi kumi mara mbili, ya pili ukiwa umeongeza mizunguko ya injini. Kisha achia kitufe, unyamaze, na umwombe akuonyeshe kwa mkono kama redio yake nayo imenyamaza.